Chombo kikienda mrama

Neno mrama siku hizi limehamia magazetini na ofisini: mipango imeenda mrama, ndoa imeenda mrama, bajeti imeenda mrama. Wengi wanakusudia kwamba jambo limeharibika kabisa. Kwa mabaharia wa Lindi na Mikindani, pwani ya kusini mwa Tanzania, mrama ni mwendo wa chombo. Chombo kinalala ubavu huu, kinajiinua, kinalala ubavu ule. Au omo, yaani sehemu ya mbele, inapanda huku tezi, ile ya nyuma, ikishuka. Hakijapinduka wala hakijazama. Bado kinakwenda.

Kwa hiyo mradi uliofungwa haujaenda mrama, umekufa. Mnada wa korosho ambao wakulima wamekataa bei, na sasa unasubiri kurudiwa, huo ndio umeenda mrama. Tena bahari yenyewe haiendi mrama: bahari huchafuka, mti huyumba, mlevi hupepesuka.

Angalia mdomo wa ghuba ya Lindi. Maji yakipwa, yanatoka pamoja na ya mto Lukuledi. Upepo ukivuma kutoka baharini, mkondo na upepo vinakabiliana, na wimbi linakuwa fupi na la kusimama. Siku za bamvua, yaani za maji makuu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hali ni mbaya zaidi. Kupwa huchukua takriban saa 6, na mkondo huwa mkali zaidi katikati yake. Mwenye subira huvuka maji yakiwa yamesimama.

Lakini mrama una aina zake, na abiria huogopa ile isiyo mbaya. Chombo kinachorudi upesi, kwa kushtua, kinachosha na kutapisha, ila uzito wake uko chini. Cha kuogopwa ni kile kinacholala polepole, kikakaa pale ubavuni kana kwamba kinafikiri, ndipo kirudi. Hapo shehena iko juu mno. Magunia yateremshwe chini, na kama chombo ni kitupu, farumi, yaani uzito wa mawe au mchanga wa kukituliza, ipangwe juu ya mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, na kuzuiwa isiteleze.

Kukumbana na wimbi ubavu wazi ndiko kunakozidisha mrama; nahodha huligeuzia omo kidogo, alipokee mshazari. Tanga lote lisishushwe kwa pupa, maana upepo ndani yake hukituliza chombo, lipunguzwe tu. Na maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, yatekwe mapema. Chombo kikilala, maji hayo hukimbilia upande uleule, yakaongeza uzito mahali pasipotakiwa.