Ishara ya mwili katika mchoro wa mtu: inabebaje hisia?

Katika uchoraji wa picha za watu, ishara ya mwili ni jinsi kichwa, shingo, mabega na mikono vilivyokaa hadi mtazamaji akaijua hali ya moyo ya anayechorwa. Si lazima mtu apunge mkono. Kidevu kikiinuka kidogo au bega moja likishuka, ujumbe umeshafika.

Wengi wetu hukimbilia macho na mdomo. Lakini uso watu wamezoea kuuchunga. Mabega na vidole husahaulika, ndiyo maana mimi huviamini zaidi. Mwaka 1882, akiwa The Hague nchini Uholanzi, mchoraji Vincent van Gogh alichora mzee aliyeketi kitini, ameinama, ngumi mbili zimeziba uso. Uso wenyewe hauonekani kabisa, na bado huzuni yake inakupata papo hapo. Zitazame zile ngumi. Kama angejifunika kwa viganja vilivyolegea, tungedhani ameshakata tamaa na kuachia machozi. Ngumi zinaonyesha mtu ambaye bado anajikaza, na hapo ndipo uchungu wa mchoro ule ulipo.

Ishara moja haina maana moja, hata hivyo. Mtu aliyekunja mikono kifuani huenda amekasirika, anaona haya, au anasikia baridi tu. Kinachoamua ni uzito na mkazo. Chukua mtu aliyeshika tama: kiganja kikiwa kimebeba kichwa chote, shavu limesukumwa juu na jicho limefinyika, huyo amelemewa. Vidole vikigusa shavu tu, na shingo bado imesimama, huyo anawaza. Käthe Kollwitz wa Ujerumani alijichora zaidi ya mara moja akiwa na mkono kwenye paji la uso, na ukitaka kujifunza jinsi mkono unavyobeba kichwa, anza na michoro hiyo.

Mstari nao una kazi yake: ukikandamizwa huongeza uzito, ukipita mwepesi huupunguza. Ndiyo maana wachoraji wengi huanza na mchoro wa haraka wa dakika moja au mbili, wakiukamata mwelekeo wa mwili kabla ya kugusa kope na nywele.

Ukimwambia mtu “kaa vizuri nikuchore”, atakupa mkao wa kupigwa picha. Mwache kwanza azungumze, uangalie mikono yake inaenda wapi akisahau kwamba anatazamwa, kisha uchore hiyo.