Tuisheni ya hisabati mtandaoni si kutumiwa majibu

Matangazo yanayozunguka kwenye magrupu ya wazazi yamefanana: tuisheni ya hisabati mtandaoni, piga picha swali, tuma, upokee jibu na hatua zake zote baada ya dakika chache. Mzazi analipia. Mtoto anatuma swali, jibu linarudi limepangwa vizuri, analinakili kwenye daftari, na kesho yake mwalimu wa shule anaweka tiki. Nyumbani wanasema mtoto yuko tuisheni. Hayuko, na nadhani ni haki ya mzazi kulijua hilo kabla hajalipa mwezi mwingine.

Tuisheni ni mafundisho ya ziada ambapo mwalimu anakaa na mwanafunzi mmoja, au wachache, na kumfundisha kwa kufuata pale alipokwama. Ya mtandaoni ni hiyohiyo, ila hawako chumba kimoja: wanakutana kwa Zoom, kwa Google Meet, kwa WhatsApp au kwa simu ya kawaida. Maana yenyewe imeishia hapo. Kinachonisumbua ni jinsi hayo maneno "pale alipokwama" yanavyorukwa, kana kwamba ni pambo, wakati kazi yote imo humo.

Tuchukue mlinganyo wa kawaida wa sekondari: 5 − 2(x − 3) = 1. Jibu ni x = 5. Wanafunzi wawili wamekosa. Mmoja amepata −1, mwingine amepata 10/3. Wote wawili wakituma picha ya swali, watarudishiwa hatua zilezile na jibu lilelile. Sasa tuangalie madaftari yao.

Wa kwanza aliandika 5 − 2x − 6 = 1. Alifungua mabano, akazidisha 2 kwa x, akazidisha 2 kwa 3, na ile alama ya hasi iliyokuwa nje akaona imeshamaliza kazi yake kwenye 2x. Ndani ya mabano kulikuwa na kutoa, basi akaendelea kutoa. Ukimtumia mstari sahihi, 5 − 2x + 6 = 1, atautazama na kusema, aa, nilikosea alama. Atasahihisha na kufunga daftari akiamini alipitiwa tu. Hakupitiwa. Anaamini jambo ambalo si kweli kuhusu alama ile, na atalirudia kila atakapokutana na hasi nje ya mabano.

Mwalimu aliye naye kwenye simu anaweza kumwambia: weka 4 mahali pa x, tuone upande wa kushoto unatoa ngapi. Swali lenyewe linatoa 5 − 2(1), yaani 3. Mstari wake unatoa 5 − 8 − 6, yaani −9. Mtoto mwenyewe anaona kwamba mstari wa pili haufanani na wa kwanza, na hapo swali la maana linakuja bila kulazimishwa: hiyo alama inaondoa nini hasa? Inaondoa mara mbili ya mabano yote, na ndani ya hayo mabano 3 ilikuwa imeshatolewa, kwa hiyo lazima irudi.

Wa pili ana shida nyingine kabisa. Aliandika 3(x − 3) = 1, maana alianza kwa kutoa 2 kwenye 5. Huyu ukimuuliza kanuni ya MAGAZIJUTO atakuimbia yote, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, kama alivyoiimba shule ya msingi. Kanuni anaijua. Asichokijua ni kwamba 2 iliyobandikwa kwenye mabano ni kuzidisha. Shule ya msingi kuzidisha kulikuja na alama yake ×, na hapa alama haipo, basi akaiona 2 kama namba iliyosimama peke yake karibu na 5. Kumkumbusha MAGAZIJUTO mara kumi hakutamsaidia. Kumwandikia 5 − 2 × (x − 3) kunaweza kumtosha, halafu mwalimu aifute × polepole katika maswali yanayofuata.

Jibu lililotumwa lilikuwa sahihi kwa wote wawili, na halikumgusa hata mmoja. Ni kama duka la dawa linalotoa kidonge kilekile kwa kila anayesema tumbo linamuuma.

Watu wa matangazo wanapenda kumtaja Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeandika mwaka 1984 kwamba mwanafunzi wa wastani mwenye mwalimu wake binafsi aliwapita takribani asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Wanachoacha kukitaja ni kwamba wanafunzi wale pia walipimwa kila hatua na kurekebishwa kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Mwaka 2011 mtafiti Kurt VanLehn alizikusanya tafiti nyingi za aina hii na kukuta faida ya mwalimu binafsi ni ndogo kuliko ile ya Bloom, 0.79 kwa kipimo cha mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za wanafunzi zinavyotawanyika kuzunguka wastani (ile asilimia 98 ya Bloom ni kama 2 kwa kipimo hicho), na bado ni kubwa sana katika elimu. Lakini kilichonivutia zaidi ni pale alipozigawa programu za kompyuta za kufundishia. Zile zinazofuatilia kila mstari anaouandika mwanafunzi zilipata 0.76, karibu sawa na binadamu. Zile zinazotazama jibu la mwisho tu zilipata 0.31. Hata kompyuta, basi, ikitazama hatua za mtoto inafanya tuisheni ya kweli, na ikitazama jibu peke yake inapoteza zaidi ya nusu ya faida hiyo. Sasa fikiria huduma ambayo haitazami hata jibu la mtoto, inatuma la kwake.

Kuna wanaochanganya kwa upande mwingine, wakidhani tuisheni ya mtandaoni ni lazima iwe na video, ubao wa kidijitali na bando kubwa, na kwamba aliye na kitochi hana lake. Botswana ilionyesha vinginevyo. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid, watafiti Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walizigawa familia za wanafunzi wa shule za msingi. Baadhi zilipokea SMS zenye maswali ya hisabati kila wiki. Nyingine zilipokea SMS hizohizo na kupigiwa simu ya dakika kama 20: mzazi anaweka spika, mtoto anakaribia, mwalimu anampitisha kwenye maswali na kumsikia anavyofikiri. Waliopigiwa simu walipanda. SMS peke yake hazikuleta faida ya kuaminika. Njia hiyo ikajaribiwa baadaye Kenya, Uganda, India, Nepal na Ufilipino, na simu zikasaidia tena. Hakuna aliyemwona mwenzake uso kwa uso, wala intaneti haikuhitajika, lakini kulikuwa na mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu kwa sauti.

Salman Khan, mwanzilishi wa Khan Academy, ni mfano mwingine unaotajwa vibaya. Mwaka 2004 alianza kumfundisha hisabati binamu yake Nadia, yeye akiwa Boston na binti akiwa New Orleans, kwa simu na ubao wa kuchorea wa Yahoo. Ile ilikuwa tuisheni ya mtandaoni. Ndugu wengine walipoanza kuhitaji msaada huohuo, akarekodi masomo na kuyaweka YouTube kuanzia 2006. Yale ni masomo ya video, na yamewafaa watu wengi mno duniani. Mtu mmoja, sauti ileile, hesabu zilezile, lakini Nadia angeweza kukatiza na kusema hapo sijakuelewa, na Khan angejua arudi wapi. Anayetazama video anaweza kurudisha nyuma tu na kusikia maneno yaleyale. Sisemi video ni mbaya. Nawashauri wanafunzi wengi waanze nazo kabla ya kumtafuta mwalimu, maana zinaokoa fedha na muda. Vivyo hivyo kipindi cha Zoom chenye wanafunzi mia waliozima kamera: ni kipindi, kinaweza kuwa kizuri sana, na bado kila mmoja anaondoka na kosa lake alilokuja nalo.

Najua mitaani kwetu neno limepanuka. Hata banda lenye wanafunzi sitini jioni tunaliita tuisheni, na sina ugomvi na hilo, kwa sababu mwalimu wa banda mzuri hupita kwenye madawati na kalamu nyekundu, anainama, anaona mstari wa pili wa daftari. Anayeuza majibu kwenye simu hainami popote.

Kwa hiyo ndugu mzazi, ukiambiwa mwanao yuko tuisheni mtandaoni, omba kuona picha anazozituma. Ziwe za daftari lake, pamoja na mistari aliyoikata, na umwombe asifute kitu kabla ya kupiga. Zikiwa za ukurasa wa kitabu au pasti pepa tupu, hapo kuna huduma ya majibu. Sauti zinazorudi kutoka kwa mwalimu ziwe na maswali ndani yake, na usikasirike ikiwa swali moja limechukua jioni nzima. Mwalimu anayependelea kutuma majibu ana haki ya kuyauza, na wapo wanafunzi wa vyuo wanaoyahitaji kwa kujihakiki baada ya kujaribu wenyewe. Ila kwenye tangazo lake aandike: majibu ya hisabati na hatua zake.