Ao Manao hapajafa, watu wako kivulini

Nimechoka kusoma kwamba Ao Manao, ghuba yenye ufukwe iliyo kusini kidogo ya mji wa Prachuap Khiri Khan nchini Thailand, "pamekufa". Anayesema hivyo amefika Jumanne saa sita mchana, akaona mchanga mtupu, akaondoka. Angegeuka nyuma! Watu wako chini ya mivinje, wanakula.

Wathai wengi hawaoti jua, wanalikimbia. Familia hukodi viti, huagiza kuku wa kuchoma, wali wa kunata na som tam, ile kachumbari ya papai bichi la kutwanga, na hukaa hapo mpaka saa kumi jua lilegee. Ndipo watoto wanaingia majini na tyubu zao, wamevaa fulana na kaptura. Vaa vivyo hivyo.

Utulivu hapa unategemea siku. Jumatatu hadi Alhamisi ni zako. Mwisho wa juma magari yanashuka kutoka Bangkok, na wakati wa Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, tarehe 13 hadi 15 Aprili, usitafute kimya.

Ndiyo, ni ndani ya kambi ya jeshi la anga. Raia wanaingia, wageni pia. Pita getini, jiandikishe ukiambiwa, na usisimame barabara inapokatisha njia ya kurukia ndege.

Kinachoniudhi hasa ni kalenda ya mvua ya kisiwa cha Phuket kubandikwa huku. Phuket iko Bahari ya Andaman, na upepo wa kusini-magharibi huipiga waziwazi Mei hadi Oktoba. Ao Manao iko upande wa pili, nyuma ya milima ya mpaka wa Myanmar inayokinga sehemu kubwa ya mvua hiyo. Watu wanafuta safari ya Julai bure, kisha wanakuja Novemba, upepo wa kaskazini-mashariki ukiwa umeshaanza kuleta mvua kutoka Ghuba ya Thailand. Mpwani anayejua kusi na kaskazi ataelewa upesi. Tarehe kamili siahidi, maana pepo hazifuati kalenda.

Beba siki. Yavuyavu wa sanduku, wale wenye umbo la sanduku na sumu kali, wamo katika bahari hii. Akikuchoma, mwagia siki sekunde 30 au zaidi, usisugue, kisha ng'oa nyuzi zake na uende hospitali. Siki huzuia vichomo vya nyuzi hizo visivyofyatuka bado. Sumu iliyokwisha kuingia haiitoi. Wapo watafiti wanaodai inaweza hata kuongeza sumu, na hoja yao siipuuzi. Chupa yangu bado naibeba.