Mkata Utepe Hajengi Maktaba: Dhana Ninazozisikia Kila Wiki Hapa Pemba

Wiki iliyopita alikuja mzazi mmoja maktabani kwetu kumsajili mwanawe. Mtu wa heshima zake, mwalimu mstaafu. Alizunguka rafu taratibu, akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu vya fizikia, kisha akaja mezani kwangu: "Mwanangu, Mungu atakuleteeni mfadhili. Mkishapata mfadhili mtakuwa kama wenzenu wa Ulaya." Nikaitikia amin, maana dua njema haikataliwi. Lakini maneno hayo hayo nimeyasikia kwa sheha, kwa diwani, kwa wanafunzi wa Fomu Foo, na zaidi kwa wazungumzaji waalikwa wanaopewa kipaza sauti kila panapokuwa na hafla ya vitabu. Kila wanapotajwa viongozi wanaotengeneza maktaba za kesho, watu humfikiria mgeni mwenye suti na hundi mkononi. Hili sitalipitia juu juu.

Dhana: "Tukipata mfadhili, jengo na kompyuta, maktaba imesimama"

Haisimami. Mfadhili mkubwa kuliko wote katika historia ya maktaba ni Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyezaliwa Uskoti akatajirikia Marekani. Maktaba yake ya kwanza ilifunguliwa 1883 huko Dunfermline alikozaliwa, na hadi mwisho fedha zake zilijenga maktaba 2,509, nyingi zikiwa Marekani. Watu huishia hapo. Sharti lake hawalitaji: mji unaotaka jengo utoe kiwanja, halafu kila mwaka utenge asilimia 10 ya fedha alizotoa kwa ajili ya kuiendesha maktaba. Mji ukipewa dola 10,000, basi dola 1,000 zitoke kwenye kodi za wenyewe, mwaka huu na mwakani na mwaka wa baada yake, kulipa mshahara wa mkutubi, vitabu, mafuta ya taa, paa linalovuja. Ipo miji iliyoukataa msaada wake kwa sababu ya sharti hilo. Carnegie alikuwa mfanyabiashara, alijua jengo lisilo na fedha ya kila mwaka ni ghala.

Wanaotutolea mfano wa Ulaya hupenda kuitaja Oodi, maktaba kuu ya Helsinki iliyofunguliwa Desemba 2018. Humo mna cherehani, studio za kurekodia muziki, mashine za kuchapa vitu vya plastiki. Nimeziangalia picha zake mara nyingi, na ni nzuri khasa. Ila Ufini ilitunga sheria yake ya kwanza ya maktaba mwaka 1928. Miaka 90 kabla ya Oodi, ruzuku ya maktaba za mitaa ilikuwa imeshaandikwa kwenye sheria. Mgeni anayetoka kule akituonyesha picha za dari la mbao na vioo, mimi humwuliza habari za sheria ile, na mara nyingi ndipo mazungumzo yenye faida yanapoanza.

Nieleze niliyoyaona kwa macho yangu. Nilianza kazi katika maktaba ndogo ambayo sitaitaja. Mwaka wangu wa pili tuliletewa kompyuta 10. Siku ya uzinduzi palikuwa na utepe mwekundu, hotuba tatu na soda. Kila mzungumzaji alisema kesho ya maktaba imefika. Hakuna aliyeuliza nani atanunua tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla. Umeme wa kwanza ulikuja na hafla. Ulipokwisha, mkuu wetu alinunua kwa fedha yake wiki mbili, halafu akashindwa. Ikaingia masika. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja linaloelekea bahari, na hewa ya chumvi haina simile na chuma. Fundi alipoifungua mashine ya kwanza iliyogoma, alinionyesha ubao wake wa ndani: kutu ya kijani kwenye kila kona, na sisimizi wametengeneza njia pembeni ya feni. Kufika mwezi wa sita zilikuwa zikiwaka nne.

Katika nne zile alikuwa akija kijana mmoja kujaza fomu ya maombi ya mkopo wa masomo. Alikuwa ameanza asubuhi, ameshafika ukurasa wa mdhamini, nami niko nyuma yake namsomea namba ya kitambulisho cha mjomba wake. Umeme ukakatika. Alikaa akikitazama kioo cheusi kwa muda, akakunja karatasi zake, akaniambia, "Haya, Bi, nitakwenda kwa jamaa mwenye duka la kuchapa." Hakurudi tena, na simlaumu. Kwake yeye maktaba ni mahali palipomwangusha siku aliyoihitaji.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni kiongozi gani wa maktaba ninayetaka vijana wetu wamsome, nitamtaja kwanza S. R. Ranganathan wa India. Alikuwa mwalimu wa hisabati, akawa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Kanuni zake tano za 1931 kila aliyesomea ukutubi amezikariri. Mwaka huo huo, katika mji wa Mannargudi, maktaba ya kukokotwa na ng'ombe ilianza kuwapelekea watu wa vijijini vitabu hadi walipo. Hapa Pemba gari ya ng'ombe haihitaji kuelezewa. Imebeba karafuu, mawe na maiti. Lakini alilolifanya Ranganathan ambalo halina picha ya kuvutia ni kupigania sheria. Mwaka 1948 Madras ilipitisha sheria ya maktaba, na ndani yake kodi ndogo ikaongezwa juu ya kodi ya majengo, iende kwenye maktaba moja kwa moja. Kila mwenye nyumba akachangia kidogo, akajua anachangia, na akawa na haki ya kuuliza kwa nini mlango umefungwa.

Hata Azimio la maktaba za umma la IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO, lililotolewa 1949 na kurekebishwa 1972, 1994 na 2022, linasema wazi kwamba maktaba ya umma ni jukumu la serikali kuu na mamlaka za mitaa, na kwamba huduma yake kimsingi iwe bure. Sikuliona neno mfadhili likitangulia pale.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka nistaafu: mwaka wa fedha wetu unaanza Julai, na Baraza la Wawakilishi hujadili bajeti Mei na Juni. Kabla ya hapo, mkamate mwakilishi wako. Msimuombe jengo. Muulizeni kifungu: maktaba yetu imetengewa shilingi ngapi za vitabu vipya mwaka huu, ngapi za umeme, ngapi za matengenezo? Watu watano wakiuliza swali hilo katika mkutano mmoja, limeshakuwa jambo la kisiasa. Mwenye kuuliza hivyo anaijenga maktaba ya kesho kuliko yeyote aliyewahi kushika mkasi.

Dhana: "Kitabu chochote ni bora kuliko kukosa"

Hii inanikera karibu sawa na ile ya juu, kwa sababu inatoka kwa watu wenye nia njema. Nimefungua maboksi ya misaada nikakuta mwongozo wa kukwangua theluji kwenye paa, na sheria za kodi za jimbo moja la Marekani, chapa ya 1987. Nikakuta nakala 30 za juzuu ya tatu ya kitabu ambacho ya kwanza na ya pili hazikuja. Ukivipanga vyote, rafu inajaa, mgeni anafurahi, na mtoto wa darasa la tano anashindwa kukiona kitabu kimoja cha sayansi cha Kiswahili kilichobanwa katikati yake.

Kanuni ya Ranganathan inasema kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Kitabu kisicho na msomaji hapa kipelekwe kwenye msomaji, au kifutwe kwenye hesabu ya maktaba. Ninapofuta vitabu, wapo wanaoniambia natenda dhambi. Najua inatoka wapi: sote tulilelewa kutoikanyaga karatasi yenye maandishi, isije ikawa ina jina la Mwenyezi Mungu. Heshima hiyo naibeba na mimi, ndiyo maana sivitupi jaani. Navigonga mhuri wa kufutwa, naviandika kwenye rejista, navitoa kwa utaratibu. Ukitaka kutusaidia, usinunue boksi. Njoo kwanza uulize orodha.

Dhana: "Sisi tuko chini ya Dar es Salaam"

Hapana. Sheria ya 1963 iliyounda bodi ya huduma za maktaba, ile ambayo maktaba yake kuu Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967, ni ya Bara. Zanzibar ina shirika lake la maktaba, makao yake Maisara, Unguja. Malalamiko yapelekwe huko. Na hati za zamani msizitafute kwetu, ziko kwenye ofisi ya Nyaraka, Kilimani, Unguja.

Dhana: "Hao wazungumzaji wakubwa wanazungumza ya kwao, hayatuhusu"

Inategemea unamsikiliza nani. Garissa, Kenya, huduma ya taifa ya maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia mwaka 1996, kwa sababu gari haipiti na wafugaji hawakai pahala pamoja. Aliyeamua vile hakusubiri barabara. Ghana ilikuwa na bodi ya maktaba kwa sheria tangu 1950, kabla ya uhuru; Hayford Siaw alipopewa kuiongoza mamlaka hiyo mwaka 2017, alikuwa mtu wa kujitolea mitaani, na chini yake idadi ya maktaba za umma ikavuka 100.

Ninaowapenda zaidi ni wale wanawake wawili wa Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Mmoja mwandishi, mwengine mchapishaji; hakuna kati yao aliyekuwa mkutubi. Mwaka 2017 walianzisha shirika la Book Bunk ili kuzifufua maktaba za McMillan, Kaloleni na Makadara. McMillan ilijengwa 1931, na kwa miongo Mwafrika alikuwa haruhusiwi kuingia kusoma. Walianza kwa kuhesabu kilichomo na kuwauliza watu wa mtaa wanataka nini. Mzungumzaji wa namna hiyo akialikwa Chake Chake, mimi nitakaa mstari wa mbele.

Dhana: "Simu imeshamaliza kazi ya maktaba"

Simu ya nani, na bando la nani? Aprili 2015 mji wa Baltimore ulipokuwa katika machafuko, Carla Hayden aliyekuwa akiongoza maktaba za mji aliamua milango isifungwe, hata kwenye tawi lililokuwa katikati ya mtaa wenyewe. Watu waliingia kutafuta mtandao, kujaza maombi ya kazi, kukaa mahali penye usalama. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza na Mmarekani mweusi wa kwanza kuiongoza Maktaba ya Bunge la Marekani. Watu wale wengi walikuwa na simu.

Dhana: "Maktaba ni ya watoto wa skuli wenye mitihani"

Ukija saa nne asubuhi utaamini hivyo, kwa sababu utawaona wamekaa na madaftari yao wenyewe, hawajagusa kitabu chetu hata kimoja. Wamekuja kwa ajili ya meza na utulivu, na ni haki yao. Tatizo ni kwamba sisi wakutubi tumeridhika na hilo.

Mimi naweka daftari la waliokosa. Ni daftari la kawaida la kurasa 96, lina safu tatu: tarehe, alichouliza, tulichofanya. Kila anayeondoka bila alichokijia, naandika. Mwanamke wa mwani aliyetaka kujua kwa nini mwani wake unaota mabaka meupe na kukatika. Mzee aliyetaka kitabu cha kukausha karafuu bila kutegemea jua, msimu ule mvua zilipomkamata na karafuu ziko juu ya majamvi. Baba aliyetaka kumsomea mwanawe asiyeona. Daftari hili nimelipeleka kwenye kikao mara nyingi kuliko takwimu za waliopita mlangoni, na mara mbili limenipatia vitabu. Mkutubi yeyote asiyekuwa nalo namsihi alianze Jumatatu.

Yule mwalimu mstaafu nilimweleza yote haya, akanisikiliza kwa subira, akaniahidi atakwenda kwa mwakilishi wake. Mwanawe alikuwa amesimama kwenye rafu za sayansi muda wote huo. Alikuja akaniuliza kwa sauti ndogo kama tuna kitabu cha pweza, kwa Kiswahili, kinachoeleza anavyobadilisha rangi. Hatuna. Nimeandika.