Je, wajua kwa nini amri ya Waziri haiwashi gridi?

Umeme ukikatika mtaa mmoja wa Area D hapa Dodoma, watu huulizana kwenye grupu la WhatsApp kama na kwa jirani umekatika. Ukikatika kuanzia Chang'ombe hadi Nzuguni, na ndugu wa Singida na Morogoro nao wakasema wako gizani, swali hugeuka: Serikali inasubiri nini? Dodoma swali hilo lina uzito wa pekee, maana wanaoulizwa wako hapahapa. Wizara ya Nishati iko Mtumba kwenye mji wa Serikali, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ina makao makuu mjini, TANESCO nayo imehamia, na Bunge la kuwahoji wote hao halihitaji hata nauli kubwa ya bodaboda. Dhana ya wengi ni kwamba miongoni mwa ofisi hizo yupo mwenye cheo cha kunyanyua simu, akaamuru, na taa zikawaka.

Hayupo. Amri za Serikali kwa kampuni za umeme zipo, zina nguvu ya kisheria, na nyingine zimeleta matokeo ya kushangaza. Ila hazifanyi kazi pale watu wanapodhani zinafanya.

Mzizi wa dhana hiyo ni mgao. Kwa miaka mingi Mtanzania amezoea giza la aina moja: mvua zimegoma, Mtera imepungua kina, gesi haitoshi, basi umeme unatolewa kwa zamu. Mgao ni uamuzi wa watu. Mtu amekaa, ametazama megawati zilizopo na zinazohitajika, akapanga laini ipi izimwe saa ngapi. Kwa kuwa ni uamuzi, unaweza kulalamikiwa, kubadilishwa, hata kuwekewa tarehe ya mwisho. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alimpa Mkurugenzi Mtendaji mpya wa TANESCO, Gissima Nyamo-Hanga, miezi sita kuumaliza. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, wa megawati 235, ukaingia kwenye gridi, yaani mtandao wa laini unaounganisha mitambo na watumiaji, mvua nazo zikawa za kutosha na za kuzidi, mgao ukaisha. Anayesema amri ilifanya kazi ana hoja. Mimi naegemea zaidi upande wa maji, kwa sababu bwawa lile lilikuwa likijengwa tangu 2019, kabla mtu hajataja miezi sita.

Kisha likaja tukio linaloivunja dhana yote. Machi 2024 umeme ulizidi mahitaji hadi baadhi ya mitambo ya maji ikazimwa, na usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ikapata hitilafu na kuanguka. Nchi yenye umeme wa ziada ikakosa umeme. Hapo hapakuwa na aliyepanga zamu, wala aliyeamua Dodoma izimwe na Moshi iachwe. Hilo ni giza la aina ya pili, na ukilichanganya na la kwanza utamdai Waziri kitu asichokuwa nacho.

Gridi inaangukaje wakati umeme upo tele?

Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na mizunguko hiyo hutoka kwenye mitambo yenyewe. Mitambo ya Kidatu, Mtera, Rufiji na Kinyerezi, ingawa iko mbali mbali, yote huzunguka kwa mwendo uliofungamana. Sehemu kubwa ya umeme huo haiwekwi ghalani: unaozalishwa sekunde hii ndio unaotumika sekunde hii. Ukitaka kuelewa kinachotokea uwiano huo ukivurugika, nenda kwenye mashine ya kusaga ya dizeli, zile ambazo bado zinanguruma vijijini Chamwino na Bahi watu wakipeleka uwele na mtama. Usitazame unga, sikiliza mlio. Nafaka ikiingia kwa kiasi, injini inaimba sauti moja. Kijana akimimina debe zima kwa pupa, sauti inashuka na kuwa nzito, mkanda unaanza kuteleza, na mwenye mashine anakurupuka kufanya moja kati ya mawili: kuongeza mafuta, au kuziba tundu la nafaka. Akichelewa, injini inazima na nafaka ikiwa imejaa tumboni.

Sasa chukua injini kadhaa, uzifunge zote kwenye mhimili mmoja, na nafaka imiminwe na mamilioni ya watu wasiojuana. Injini moja ikifa, mzigo wake unazihamia zilizobaki na sauti ya wote inashuka. Kila injini ina kinga yake: mwendo ukipungua kupita kiasi, inajitoa yenyewe ili isivunjike. Ya pili ikijitoa, mzigo wa ya tatu unaongezeka. Kinga hizo zimewekwa kwa busara kabisa, kila moja ikiokoa mtambo wake, na kwa pamoja zinaweza kulaza nchi nzima ndani ya muda mfupi kuliko wa kusoma aya hii. Kinyume chake pia ni hatari. Laini kubwa ya kusafirisha ikikatika, ni sawa na tundu la nafaka kuzibwa ghafla: injini zinabaki bila mzigo, zinakimbia kupita kiasi, nazo zinajitoa. Ndiyo maana umeme kuwa mwingi si bima.

Kuziba tundu la nafaka, kwa lugha ya gridi, ni kukata baadhi ya maeneo ili mengine yapone. Kazi hiyo hufanywa na vifaa vinavyopima mizunguko na kukata vyenyewe, vikisaidiwa na watu wa chumba cha kudhibiti gridi, ambacho kwetu kwa miaka mingi kimekuwa Ubungo. Jimbo la Texas, Marekani, lilionyesha muda unavyokuwa mfupi. Usiku wa 15 Februari 2021, katika baridi kali, mizunguko ya gridi yao, ambayo kawaida ni 60, ilishuka hadi 59.302. Ilikaa chini ya 59.4 kwa dakika 4 na sekunde 23. Ingefika dakika 9, mitambo ingeruhusiwa kuanza kujitoa, na jimbo zima lingeweza kuzimika kwa siku nyingi, pengine wiki kadhaa. Wasimamizi waliagiza maeneo zaidi yakatwe, mizunguko ikapanda. Katika dakika hizo hakuna waziri ambaye angemaliza hata kuvaa viatu.

Gridi ikishalala, kuiamsha ni kazi ya kinyume na wengi wanavyoiwazia. Kituo cha gesi chenyewe kinahitaji umeme ili kiwake, kwa ajili ya pampu, feni na mifumo ya kukiongoza. Huanza mitambo inayoweza kuamka bila msaada, na mitambo ya maji inafaa sana kwa hilo: betri na jenereta ndogo zinatosha kufungua milango, maji yakafanya mengine. Umeme huo mdogo hupelekwa kwenye laini, laini hupewa mzigo mdogo, mizunguko husikilizwa, kisha mzigo mwingine. Kituo cha kupozea umeme kama cha Zuzu hakiwezi kuirudishia Dodoma yote kwa mpigo, kwa sababu friji, pampu na viyoyozi vilivyokuwa vimepumzika huanza kuvuta pamoja, na mzigo wa dakika za kwanza unakuwa mkubwa kuliko ule wa kabla ya kukatika. Ni lile debe la pupa tena. Hivyo hurudishwa laini kwa laini, na laini inayolisha hospitali au visima vya Mzakwe vinavyoinywesha Dodoma ina kila sababu ya kutangulia. Anayekaa jirani na hospitali hupata umeme mapema bila kumjua mkubwa yeyote. (Kama wapo wanaoupata mapema kwa kuwajua wakubwa, hiyo ni mada nyingine.)

Hispania, 28 Aprili 2025, gridi ilianguka saa sita na nusu mchana. Serikali ilitangaza hali ya dharura katika mikoa iliyoomba. Kilichorudisha umeme ni mitambo ya maji pamoja na laini kutoka Ufaransa na Morocco, na kufikia asubuhi iliyofuata karibu wote walikuwa wameupata. Afrika ilishiriki kuiwasha Ulaya, jambo ambalo lilistahili kelele zaidi huku kwetu.

Sasa amri ni za nini? Mara nyingi ni za kuondoa kizuizi ambacho sheria yenyewe iliweka. Marekani ina kifungu katika sheria yake ya umeme ya 1935 kinachompa Waziri wa Nishati uwezo wa kuamuru, wakati wa dharura, mtambo uzalishe au laini iunganishwe. Mfano wake mtamu ni waya wa Cross Sound, unaopita chini ya bahari kati ya Connecticut na Long Island, wenye uwezo wa megawati 330. Ulikamilika 2002, ukiwa mzima, tayari kwa kazi. Haukuruhusiwa kubeba umeme, kwa sababu sehemu chache kwenye bandari ya New Haven ulikuwa haujafukiwa kwa kina kilichoandikwa kwenye kibali. Ukakaa. Tarehe 14 Agosti 2003 giza likawakumba watu wapatao milioni 50 kaskazini mashariki mwa Marekani na Ontario, na siku hiyohiyo Waziri Spencer Abraham akaamuru waya utumike. Kina hakikuongezeka hata kidogo, lakini umeme ukapita. Amri iliondolewa Mei 2004, na mwezi uliofuata wahusika wakapatana kuuachia uendelee.

Texas nayo, mkesha wa ule usiku mbaya, ilipewa kibali cha namna hiyo: mitambo iliruhusiwa kuvuka kwa muda viwango vya uchafuzi wa hewa. Kibali hakikuyeyusha barafu iliyokuwa imeziba mabomba ya gesi. Mamlaka ya udhibiti ya jimbo ikaagiza pia bei ya jumla ibaki dola 9,000 kwa megawati-saa ili kuwavuta wazalishaji, na mitambo iliyoganda ikaendelea kuganda kwa bei ya juu zaidi.

Kwetu mambo yamepangwa kwa namna nyingine. TANESCO ni mali ya Serikali kwa asilimia mia, hivyo kuiagiza hakuhitaji kifungu cha ajabu; mwenye mali huagiza kupitia bodi na uteuzi. Wazalishaji binafsi hufungwa na mikataba na leseni. EWURA inaweza kupokea maelekezo ya Waziri, lakini sheria iliyoiunda imeitenga kazi yake ya udhibiti na maelekezo hayo. Juu kabisa ipo Ibara ya 32 ya Katiba, inayompa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari, chombo kizito mno kwa transfoma iliyoungua.

Amri ya dharura ina gharama yake pia, na Dodoma inaijua kuliko mji mwingine wowote nchini. Ukame wa 2006 ulizaa mkataba wa haraka wa mitambo ya megawati 100 na kampuni ya Richmond, Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikaona kampuni hiyo haikuwa na uwezo, na Februari 2008, humu humu bungeni, Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu huku akilalamika kuwa Kamati haikumhoji.

Mwaka huohuo, Mei, waya wa baharini unaoilisha Unguja uliharibika na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi. Ukaharibika tena Desemba 2009, safari hii hadi Machi 2010. Serikali mbili zilikuwepo, zote zikitaka umeme urudi. Waya ulihitaji mafundi. Afrika Kusini ilitangaza hali ya maafa kwa sababu ya umeme 9 Februari 2023 na kuifuta 5 Aprili bila mgao kukoma. Uliposimama mwaka uliofuata, wachambuzi waligawanyika kuhusu kilichousimamisha: ukarabati wa mitambo, sola za majumbani, au matumizi kupungua. Sidhani kama kuna aliyeitaja ile hali ya maafa.

Bado swali la nani anaamua kuwa dharura ipo halijatulia popote. Mei 2025 Wizara ya Nishati ya Marekani iliamuru kituo cha makaa ya mawe cha J.H. Campbell, Michigan, kisifungwe kilipobakiza siku chache kufungwa, kwa hoja kwamba umeme ungepungua. Jimbo likapinga, likisema dharura yenyewe haionekani. Taa zilikuwa zinawaka.

Sisi tumejiongezea ugumu mwingine. Tangu mwishoni mwa 2024 gridi yetu imeungana na ya Kenya kwa laini ya kilovolti 400 inayoshuka hadi Singida, na Serikali imetangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia njia hiyo kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Laini hiyo inaweza kutuamsha tukianguka, kama Morocco ilivyoiamsha Hispania, na inaweza pia kutupitishia mtikisiko wa majirani. Amri kutoka Mtumba inaishia Namanga. Ng'ambo ya hapo kinachosikilizwa ni mkataba, pamoja na simu kati ya vyumba viwili vya kudhibiti gridi.