Rehani na bei khiyari: mikopo ya mashamba ya karafuu

Kila ukizuka mjadala wa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, hakosi mtu wa kusema kwamba Waarabu waliweka mashamba yao rehani kwa Wahindi, wakashindwa kulipa, wakanyang'anywa. Maneno hayo yana kasoro zaidi ya moja, lakini inayonikera ni hilo neno rehani. Limekuwa kapu la kutupia kila mkopo ulioandikiwa shamba.

Rehani yenyewe haina mafumbo. Unakopa, unaweka mali kuwa dhamana, na mali inabaki yako. Ukilipa unaikomboa. Ukishindwa inauzwa, mkopeshaji anachukua haki yake, na kinachozidi kinarudi kwako. Basi.

Wenye mashamba wa Zanzibar, tangu karne ya 19 mpaka miaka ya 1930, aghalabu waliandikiana kitu kingine: bei khiyari. "Bei" hapo ni mauzo, kwa maana yake ya Kiarabu, wala haihusiani na bei ya sokoni. Khiyari ndiyo hiari yetu ya kila siku, na hiari hiyo ni ya muuzaji kulirudisha shamba lake mikononi akitaka na akiweza.

Tuseme mwenye shamba anahitaji rupia 1,000. Karafuu zinakaribia, palizi haijalipwa, wachumaji wanataka chao kabla hata mzigo haujaanikwa, na pengine kuna harusi ya binti. Anakwenda kwa tajiri mjini. Tajiri hamkopeshi, kwenye karatasi, analinunua shamba kwa rupia 1,000, kwa sharti kwamba muuzaji akizirudisha ndani ya muda fulani, shamba ni lake tena. Halafu siku hiyo hiyo inaandikwa karatasi ya pili: mnunuzi anamkodisha muuzaji shamba lile lile, kwa kodi ya, tuseme, rupia 150 kwa mwaka. Mwenye shamba anarudi nyumbani, anaendelea kupalilia na kuchuma kama jana. Jirani haoni tofauti yoyote. Kilichobadilika ni kwamba sasa yeye ni mpangaji katika shamba la babake.

Ile kodi ndiyo riba. Hapo ndipo penye ufundi wote. Mkopaji ni Mwislamu na riba ni haramu. Kadhi hawezi kumwamuru mtu alipe riba, lakini kodi ya shamba anaweza. Jambo hili halikuzuliwa Zanzibar. Bukhara walikuwa na bei ya wafaa, Hadhramaut wakawa na bei ya uhda, Oman ikawa na khiyari yake, na wanazuoni walibishana karne na karne kama ni mauzo ya kweli au ni hila ya kuipitisha riba mlango wa nyuma. Mimi si mwanafiqhi, siingii humo. Ninachotaka kionekane ni kwamba waliobishana walijua vizuri wanabishania nini: kama ingekuwa rehani tu, ubishi usingekuwepo. Kwa madhehebu ya Shafii, wanayofuata watu wengi wa mwambao wetu, tunda la mali iliyowekwa rehani ni la mwenye mali. Mkopeshaji hapati kitu juu ya deni lake. Tajiri gani angetoa fedha zake hivyo?

Na tofauti si ya vitabuni tu. Rudi kwenye zile rupia 1,000. Shamba lenyewe lina thamani ya 3,000. Kwenye rehani, muda ukipita linauzwa, tajiri anachukua 1,000 yake, na mwenye shamba anaondoka na 2,000. Kwenye bei khiyari iliyosomwa kama ilivyoandikwa, muda ukipita hakuna mnada wala chenji: mauzo yamekamilika tangu siku ile, hiari imekwisha, shamba limekwenda lote kwa 1,000. Anayeviita vitu hivi viwili kwa jina moja amezifuta hizo 2,000 kwa kalamu.

Vurugu ya majina, nadhani, ilianzia mahakamani. Wakopeshaji wengi walikuwa raia wa Kihindi chini ya himaya ya Waingereza, na kesi zao ziliishia mbele ya mahakimu waliozoea sheria za India. Sheria ya India ya 1882 kuhusu uhamishaji wa mali ilikuwa tayari ina fungu la rehani iliyovaa nguo za mauzo, na Zanzibar ikaja kuwa na sheria iliyoigwa kwayo. Hakimu akiziona zile karatasi mbili alizisoma pamoja na kusema hii ni rehani, mwenye shamba ana haki ya kukomboa. Kwa mkopaji huo ulikuwa msaada mkubwa. Kwa lugha ulikuwa hasara, kwa sababu tangu hapo kila kitu kikaitwa rehani, hata yale mapatano ambayo hayakuwahi kufika kwa hakimu.

Kuna na aina ya tatu, ambayo nayo hutupwa kwenye kapu lile lile: mkopeshaji anachukua shamba au miti, anakula mazao, mpaka arudishiwe fedha zake. Hakuna kodi, hakuna mauzo. Mazao yenyewe ndiyo faida yake. Hii ilienea sana kwa wakulima wadogo, hasa kwenye minazi. Pwani ya Kenya, kwa Wagiriama wa upande wa Kaloleni, minazi iliwekwa hivyo mbele ya mashahidi, na mashahidi walikuwa na uzito kuliko karatasi. Kumbuka pia kwamba mwambao mzima mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ya mwingine, kwa hiyo mtu aliweza kukopea mikarafuu kumi bila kuigusa ardhi iliyo chini yake.

Na yule "Mhindi aliyetaka mashamba"? Mara nyingi hakuyataka. Alikuwa muuza duka au msafirishaji wa karafuu, na faida yake ilikuwa katika mzigo. Mtu mwenye deni lako atakuletea karafuu wewe, kwa bei yako. Shamba lenyewe lilikuwa mzigo mzito, zaidi baada ya 1860, pale balozi wa Uingereza, Rigby, alipowalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wake kuwaacha huru watumwa wao. Shamba lisilo na watu wa kulihudumia lina faida gani? Kimbunga cha 1872 kikaing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na mkarafuu mpya unataka miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Madeni yalirundikana, karatasi zikaandikwa upya, hiari ikaongezewa muda. Tajiri alisubiri kwa kuwa kusubiri kulimlipa.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930 kusubiri kukaacha kulipa, na serikali ikaogopa kweli kwamba mashamba yangehama. Mwaka 1934 ikasimamisha udai wa madeni kwa muda na kuzuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamie kwa mwingine bila kibali. Mwaka 1938 ikaja sheria ya kusuluhisha madeni yenyewe. Yaliyotokea kati ya hapo, pamoja na India kugomea karafuu za Zanzibar, ni habari ndefu ya siku nyingine.

Kwa hiyo usione haya kusema rehani ukiwa na maana ya rehani: hati iliyoko benki leo, sawa, hiyo ni rehani. Lakini ukifungua kasha la ukoo ukakuta karatasi ya mauzo ya shamba la babu, usikimbilie kuandika kwamba babu aliuza, wala kwamba aliweka rehani. Tafuta karatasi ya pili, ya kukodisha, yenye tarehe ile ile na majina yale yale. Ukiipata, jina lake ni bei khiyari, na swali la kuwauliza wazee ni kama muda wa hiari uliwahi kuongezwa, na nani alikuwa akichuma karafuu mwaka uliofuata.