Mtoto aliyeumia na akawa mtulivu kupita kiasi

Mimi ni mwanasaikolojia wa watoto waliolazwa kwa ajali na majeraha ya moto. Wazazi hunijia na swali moja hasa: mfupa umeunga, kidonda kimefunga, mbona mwanangu hajarudi kuwa yule niliyemzoea?

Ukubwa wa jeraha haukuambii ukubwa wa hofu. Aliyevunjika mkono tu anaweza kuteseka moyoni kuliko aliyetoka chumba cha wagonjwa mahututi. Uzito mkubwa uko katika yale mtoto aliyoyaamini wakati ule: kwamba anakufa, kwamba mama hatamwona tena, au kwamba kosa ni lake. Hili la mwisho watoto hulificha sana. Aliyekatazwa kuvuka barabara, akavuka na kugongwa, huiona ajali kuwa adhabu. Muulize anadhani kwa nini ilitokea, umsikilize hadi amalize, ndipo umweleze ukweli.

Wiki za mwanzo tarajia ndoto mbaya, kushtukashtuka, kumng'ang'ania mzazi, hata kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha. Wadogo huigiza ajali ileile kwenye michezo yao, tena na tena. Kwa watoto wengi haya hupungua yenyewe. Lakini takriban mtoto 1 kati ya 6 waliojeruhiwa huendelea kusumbuka, na dalili zikipita mwezi 1 bila kulegea, usingoje zaidi. Mpeleke kwa mtaalamu.

Anayenitia wasiwasi zaidi wodini ni yule asiyelia. Wahudumu humsifu kuwa jasiri, wageni humpongeza, naye hujifunza kwamba kunyamaza ndiko kunakopendwa. Mtoto asiyecheza, asiyeuliza chochote, anayegeuza uso ajali ikitajwa, huenda anakimbia kumbukumbu. Ukwepaji ni dalili kamili, sawa na kilio cha usiku.

Maumivu nayo ni suala la akili, si la mwili peke yake. Maumivu yasiyotulizwa wakati wa kusafisha kidonda huwa tukio jipya la kutisha, linalojirudia kila bandeji inapobadilishwa. Kwa hiyo wazazi, dai dawa ya maumivu itolewe mapema, kabla kazi haijaanza. Wala usimwambie mtoto "haitauma" ilhali itauma. Akigundua umemdanganya, kesho hatakuamini hata kwa jambo la kweli. Mwambie itauma kwa muda mfupi na utakuwa naye. Mpe la kuamua: tuanze upande gani, nani ahesabu, ni lini tupumzike kidogo.

Zamani iliaminika kwamba aliyepatwa na mkasa akalishwe haraka asimulie kila kitu. Kikao cha namna hiyo hakijaonyesha kuzuia kiwewe, yaani jeraha la moyoni linalobaki baada ya mkasa, na hakipendekezwi tena. Mlango uwe wazi, mtoto aingie mwenyewe. Dawa za kutuliza wasiwasi za jamii ya diazepamu pia si za kumpa ili kupunguza mshtuko. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unazikataa kwa kusudi hilo katika mwezi wa kwanza.

Tafadhali, mzazi, jitazame na wewe. Mtoto husoma uso wako kabla ya maneno yako, na wazazi wengi hubaki na majinamizi yaleyale. Kutafuta msaada wako ni sehemu ya matibabu yake. Msimsahau pia ndugu aliyeshuhudia bila kupata hata mchubuko.

Kwa hofu iliyokaa, tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe ndiyo yenye ushahidi bora. Mtoto anaogopa gari? Hatumsukumi wala hatumwachi akwepe milele. Anachora gari, anakaa ndani likiwa limezimwa, anazunguka nalo mwendo mfupi, kisha mrefu.

Kabla hajarudi shuleni, mwandalieni jibu fupi kuhusu kovu lake, kwa maneno yake mwenyewe: "Niliungua, nimepona, sitaki kuzungumzia zaidi." Mfanye mazoezi nyumbani, na mwalimu wake alijue mapema.